Mwaka wa tano utalipwa na nani? Barua kwa mwanangu Zuhura

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi Zuhura,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Sisi huku hatujambo, twamshukuru Mola. Bibi yako magoti yanamsumbua, lakini ukimwambia apumzike hasikii la mtu, asubuhi yumo shambani. Baba yako na ami zako wanakusalimu sana.

Barua yako imefika, na ile karatasi ya chuo nimeisoma kalamu mkononi. Unauliza uombe kuingia katika mpango wa kuunganisha digrii ya kwanza na masta kwa miaka mitano, au umalize ya kwanza urudi nyumbani. Nikujibu mapema usije ukasoma barua yote roho juu: mimi nataka uombe. Ila ukikubaliwa, usitie saini mpaka upate jibu la maandishi kuhusu fedha za mwaka wa tano.

Nianze na hili la kuharakisha masomo, maana hilo ndilo lililosemwa zaidi hapa nyumbani. Ami yako amesema masomo ya miaka sita hayawezi kutiwa katika mitano yakabaki mazima. Nilikaa naye barazani nikamwonesha hesabu, na wewe uishike hivyo hivyo ili mtu akikuuliza usibabaike. Huko Marekani masomo hupimwa kwa krediti, kila somo na idadi yake, na digrii ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120 kwa miaka minne. Masta ya takwimu, kwa mujibu wa karatasi yako, ni krediti 30, na anayeisoma peke yake huchukua miaka miwili hivi. Katika mpango huu, mwaka wa nne utasoma masomo manne ya masta, krediti 12, na zitahesabiwa kote kuwili. Badala ya 150 utasoma 138. Mwaka wa tano utabakiwa na 18, tisa kila muhula, na tisa kwa mwanafunzi wa masta huko ndio mzigo kamili. Ami yako alikubali, ingawa kwa shingo upande.

Sasa zile krediti 12 zilizopungua hazikupotea hewani. Ni masomo ya hiari ambayo ungeyachukua kujazia 120. Uliniandikia mwaka jana kwamba unatamani kusoma historia ya Bahari ya Hindi, na kwamba mwalimu wake anazungumzia majahazi ya huku kwetu. Somo kama hilo ndilo litakalokwenda. Mimi ningesikitika, kwa sababu nakujua ulivyokuwa ukimkalisha babu yako akusimulie safari za Lamu na Muskati. Angalia kama unaweza kulisoma muhula huu, kabla hujaanza mwaka wa nne.

Na usijione unawakimbia wenzako. Wale uliomaliza nao Kidato cha Sita wakaingia Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) pale Tunguu, digrii yao ya kwanza ni miaka mitatu. Akitaka masta anaongeza miwili, jumla mitano. Wewe kwa njia ya kawaida ya huko ungetumia sita. Mpango huu unakuleta sawa nao, basi. Waingereza nao wana digrii ya namna hiyo, hasa katika uhandisi na sayansi: mtu anaingia moja kwa moja, na baada ya miaka minne anatoka na masta. Kwa hiyo anayesema hii ni digrii ya mkato hajui jinsi vyuo vinavyofanya kazi.

Kinachonitia wasiwasi ni alama. Umeniambia tangu uko skuli kwamba unataka kurudi kufundisha chuo kikuu hapa Zanzibar, na mimi kama mwalimu wa hesabu sina ndoto kubwa kuliko hiyo. Sasa soma matangazo ya kazi ya vyuo vikuu vya Tanzania. Mengi yanamtaka mhadhiri msaidizi awe na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.8 kwa digrii ya kwanza na 4.0 kwa masta, katika mizani ya 5. Mizani ya huko ni ya 4, kwa hiyo usiziweke namba hizo bega kwa bega. Digrii za nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu kutambuliwa na kulinganishwa. Lakini maana yake ni moja: hapa hawataangalia ulimaliza kwa miaka mingapi. Watafungua matokeo yako ya digrii ya kwanza, kisha ya masta, na moja likiwa dhaifu jingine haliliokoi.

Na mpango huu unaweza kuyaumiza yote mawili kwa pigo moja. Masomo yale manne utakaa darasani na watu ambao wengine wameshafanya kazi, na mwalimu hatakupunguzia kwa kuwa wewe ni mdogo. Somo moja likikuharibikia, linaharibu wastani wa digrii ya kwanza na wa masta pia, kwa kuwa linahesabiwa kuwili. Tena C ambayo kwenye digrii ya kwanza inapita, kwenye masta vyuo vingi huko havikubali kuihesabu, na wanataka wastani wako usishuke chini ya 3.0. Ukiipata C, krediti hizo unazirudia mwaka wa tano kwa bei ya masta. Ndiyo maana nakuomba mwaka wa nne upunguze kazi ya maktaba. Najua wanaruhusu mwanafunzi wa kigeni afanye saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na najua unazifanya zote ili upate cha kututumia. Usitutumie mwaka huo, Zuhura. Tutakula. Nakusihi kama mama.

Sasa fedha, ambalo ndilo hasa lililonifanya nikuandikie badala ya kukupigia simu.

Ufadhili wako umeandikwa ni wa digrii ya kwanza, miaka minne. Hakuna mahali pameandikwa masta. Katika mipango hii inafika siku chuo kinakuhamisha kutoka daftari la digrii ya kwanza kwenda la masta, na siku hiyo ada hubadilika na ufadhili wa mwanzo unaweza kukatika. Muulize mshauri wako wa masomo siku hiyo ni lini hasa: mwanzo wa mwaka wa nne, au baada ya kumaliza krediti 120? Nataka iwe baada, ili yale masomo manne yalipiwe na ufadhili ulionao. Hapo ndipo faida yote ya mpango huu ilipo kwa watu kama sisi. Ukihamishwa mapema, umeokoa mwaka na kupoteza ufadhili.

Uliza pia kama cheti cha digrii ya kwanza kinatoka mwisho wa mwaka wa nne au vyote viwili vinatoka pamoja mwishoni. Mimi nakitaka mkononi mwaka wa nne. Likitokea la kutokea, ugonjwa au kukosa ada, uwe umeshakuwa na digrii yako. Halafu kuna vyuo ambavyo havimpi mtu kazi ya kumsaidia profesa kufundisha, ile inayopunguza ada, mpaka awe na cheti hicho. Na nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa sababu I-20 yako, ile hati ya chuo ya viza ya masomo, itabidi iandikwe upya kwa ngazi ya masta, na hapo watataka kuona fedha za mwaka wa tano zinatoka wapi.

Zitoke wapi, basi? Baba yako amesema atauza karafuu. Moyo wake mkubwa, lakini unaijua mikarafuu: msimu mkubwa ukipita, miaka inayofuata unachuma za kuhesabika, na mchumaji na mchambuaji wanataka malipo yao vile vile. Sitaki ada yako iwekwe juu ya mti. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar nitawaendea mwenyewe niwasikie, ila wewe usitie hesabu zako huko. Kama chuo hakitapunguza ada ya mwaka ule, jibu langu linabadilika: maliza minne, chukua cheti chako, tafuta kazi, masta itakuja.

Na kazi huko inawezekana kwa muda. Ile ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo hutolewa kwa kila ngazi ya digrii, miezi 12, na fani ya takwimu huweza kuongezewa 24. Waulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni kama ukipita moja kwa moja kwenda masta ile ya ngazi ya kwanza inakupotea.

Wanaoniuliza utarudi lini na utaolewa lini, niachie mimi. Nimewajibu kwamba mwanangu yuko kazini.

Fomu inafungwa mwisho wa mwezi ujao. Ijaze wiki hii, na barua za maswali zitume siku hiyo hiyo, kwa mshauri na kwa ofisi ya wageni, utake majibu kwa maandishi. Yakifika nitumie yalivyo, usinifupishie. Ijumaa baada ya sala baba yako atakuwa nyumbani, tupigie tuzungumze sote watatu.

Mama'ko mzazi, akupendaye