Baiskeli ya umeme na mlima wa kurudi nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze niliyoyaona Jumamosi iliyopita, nilipoendesha kwa mara ya kwanza baiskeli ya mlimani inayosaidiwa na mota ya umeme, kutoka mjini Moshi hadi karibu na geti la Umbwe la kuingilia Hifadhi ya Mlima Kilimanjaro, Kibosho. Baiskeli si yangu. Niliazimwa na mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kuongoza watalii kwa baiskeli, naye akaniachia kutwa nzima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, nina miaka 63, na Kibosho ndiko nilikozaliwa na ndiko ninakoishi.

Kwetu baiskeli imekuwa siku zote chombo cha tambarare. Kule chini, Kahe na kwenye mashamba ya miwa ya TPC, utazikuta nyingi barabarani, lakini ukianza kupanda kuelekea vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba ya mlimani, zinapungua hadi zinakaribia kutoweka. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, na geti la Umbwe liko kwenye mita 1,600 hivi. Kijana anayeshuka asubuhi na mkungu wa ndizi kwenye keria hurudi jioni akiisukuma baiskeli kwa mikono, tena wakati huo ndipo amechoka na amebeba sukari na mafuta ya taa ya nyumbani. Mimi mwenyewe niliiacha ya kwangu kwa sababu hiyo, kabla sijafikisha miaka 40.

Nilikuwa nikidhani kwamba baiskeli ya umeme ni pikipiki ndogo isiyotoa moshi. Sivyo. Hii niliyoendesha haina kishikio cha kuongezea mafuta wala kitu kinachofanana nacho. Usipokanyaga pedali, haiendi popote. Mota imefungwa pale chini kwenye ekseli ya pedali, na ndani yake mna kihisi kinachopima nguvu ya mguu, kisha mota huongeza nguvu yake kwa kadiri ya hiyo uliyotoa wewe. Ukikanyaga kwa upole nayo husaidia kwa upole. Kwa kuwa nguvu hiyo hupitia kwenye mnyororo na gia, ni lazima ubadilishe gia kabla ya kuufikia mwinuko, na ulegeze mguu kidogo unapobadilisha, la sivyo mnyororo na meno ya gia vitalika mapema. Hilo nililijifunza baada ya kusikia mlio mbaya mara mbili tu.

Nilipanda kwa muda wa saa moja na dakika chache. Miguu ilifanya kazi na jasho lilinitoka, lakini pumzi haikunikatika, na wanafunzi wangu wa zamani waliponiamkia njiani niliweza kuitikia marahaba kwa sauti kamili. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Nilipofika juu, kioo kidogo kwenye usukani kilionyesha kwamba betri imebaki na asilimia 65. Kwa mazoea ya kazi yangu nilikaa kwenye jiwe nikapiga hesabu: mimi na baiskeli pamoja tuna kilo 100, na kuinua kilo 100 kwa mita 700 kunahitaji takriban wati-saa 190, kabla ya kuhesabu msuguano wa barabara na nguvu inayopotea ndani ya mota. Betri yenyewe ina wati-saa 500, yaani nusu uniti kama tunavyoihesabu kwenye LUKU, mita zetu za umeme wa kulipia kabla. Nilikuwa nimetumia asilimia 35 yake, yaani wati-saa 175 hivi. Kwa hiyo sehemu ya kazi ile niliifanya kwa miguu yangu mwenyewe, na umeme ulionisaidia haukufika hata robo ya uniti.

Kushuka ndiko kulikonitia hofu. Baiskeli peke yake ina kilo 24, na sehemu kubwa ya nguvu iliyotumika kuipandisha pamoja nami sharti iondolewe na breki kwa njia ya joto. Breki zake ni za diski zinazotumia mafuta, nazo zilishika vizuri, lakini niliona wazi kwamba mtu akizibana mfululizo kuanzia juu hadi chini ataziunguza. Inafaa kubana kwa nguvu kwa muda mfupi, kuachia, kisha kubana tena. Tena baiskeli hii haitoi sauti. Mama mmoja aliyejitwika majani ya ng'ombe hakunisikia kabisa nilipomkaribia kwa nyuma, nikalazimika kusimama na kumwomba radhi. Kengele ni ya lazima.

Ombi langu la kwanza ni kwa wanaotunga na kusimamia sheria za barabarani. Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli ambayo mota yake haizidi wati 250, inasaidia tu pale mtu anapokanyaga, na inaacha kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa, huhesabiwa kuwa baiskeli na si pikipiki. Naomba nasi tuwekewe mpaka ulio wazi kama huo mapema, kabla vyombo hivi havijawa vingi. Muuguzi anayepanda kwenda zamu zahanati ya kijijini, au mwalimu anayefundisha shule zilizo juu mlimani karibu na msitu, asichanganywe na mwenye pikipiki ya umeme inayokimbia kilomita 80 kwa saa.

Ombi la pili ni kwa wenzetu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambao chuo chao kipo hapa hapa Moshi. Niliporudi mjini tairi la nyuma lilikuwa limetobolewa na mwiba, na fundi wa kijiweni aliliziba haraka na kwa ustadi. Kisha akachuchumaa kando ya mota, akaitazama kwa muda mrefu, akanieleza kwamba anaweza kutengeneza kila kitu kwenye baiskeli ile isipokuwa hicho, na akaniuliza ni wapi anaweza kwenda kujifunza. Sikuwa na jibu la kumpa.

Mwalimu mstaafu,
Kibosho, Moshi