Harambee ya kuezeka upya Darasa la Askari

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu zetu mliosoma hapa kijijini, mlioko Mbinga mjini, Songea, Dar es Salaam na kwingineko, tunawasalimu, tena kwa aibu kidogo. Juzijuzi tu mlituchangia madawati, na hatukutaka kuwapigia hodi tena mapema hivi.

Shida ni paa. Upepo umeng'oa bati za upande mmoja wa lile darasa la matofali ya kuchoma, na upande uliobaki unavuja. Mvua ikinyesha watoto wa darasa la pili wanasukumana kwenye kona moja yenye nafuu, madaftari wameyaficha ndani ya sweta. Mwalimu ananyamaza, maana hata akipaza sauti hasikiki. Na mvua ya huku Umatengo mnaijua, ikianza Novemba haina mzaha.

Vijana wengine hawajui kwa nini linaitwa Darasa la Askari. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, kisha daraja la Kyaka likalipuliwa, mgambo waliitwa kutoka kila pembe ya nchi. Kijana wetu alikuwa amemaliza shule hapahapa, anapalilia kahawa ya baba yake. Akapewa bunduki, akaingia kikosi cha askari wa miguu. Wenzake waliorudi walisimulia kwamba mwanzoni mwa 1979 walitembea kutoka Mutukula kuelekea Masaka huku wakilowa, na yeye ndiye aliyekuwa akiwachekesha njiani. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili, hakuwepo tena.

Amezikwa Kaboya, Muleba, pamoja na mashujaa wenzake. Kutoka huku kwetu hadi Kaboya ni kuikata nchi nzima, na nauli ile mama yake hakuipata mpaka anafariki. Kaburi la mwanawe hakuliona. Ndiyo maana wazee walisema, basi tumjengee hapa. Wakafyatua matofali wenyewe, na debe la kwanza la mahindi ya kuwapikia mafundi lilitoka kwa mama huyo. Jina la kijana liko juu ya mlango. Familia imeomba tusilisambaze mitandaoni, nasi tumeheshimu.

Mwalimu Nyerere alipotangaza vita aliwaambia Watanzania kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Sababu ya kuezeka mmeiona. Nia mtatuonyesha. Kuhusu uwezo, jamani, kahawa ya mwaka huu tumeuza wote, na pikipiki mpya tunaziona zikipita mbele ya paa hilohilo. Mdogo wake marehemu, ambaye sasa anatembelea fimbo, ameshaleta bati 5.

Zinatakiwa bati 60 za geji 28, pamoja na mbao, kofia na misumari. Mwenye uwezo wa bati moja alete moja. Asiye na kitu aje Jumamosi tubomoe paa bovu. Fedha anapokea mweka hazina kwa risiti, au kwa namba iliyoko kwenye kundi letu la WhatsApp. Mapato na matumizi yatasomwa kanisani na kubandikwa ofisi ya kijiji.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya Septemba, baada ya misa ya pili. Wenye ahadi za madawati ambazo hazijalipwa, mnajijua. Tafadhali anzeni na hizo.