Jibu swali moja tu

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimesomewa mara tatu na bado jibu sijalisikia. Ukishaingia huko monasteri ya Helfta, Ujerumani, utaruhusiwa kuja nyumbani?

Paroko amenieleza habari za monasteri hiyo. Ilianzishwa mwaka 1229 karibu na ngome ya Mansfeld, ikahamia Helfta mwaka 1258 chini ya abesi, yaani mama mkuu wa monasteri, Gertrude wa Hackeborn, aliyechaguliwa akiwa na miaka 19. Alinunua vitabu, vingine masista wakavinakili kwa mkono, maana aliona wasiposoma hawatayaelewa Maandiko. Hapo nikacheka, nikakuona wewe na kibatari chako. Lakini kumbe walishika kanuni za Wasistersiani, shirika la wamonaki, bila kupokewa rasmi, kwa kuwa mwaka 1228 wakuu wa shirika walikataa nyumba mpya za wanawake! Hukuniambia hilo.

Alipofika kwa Gertrude yule mwingine, mtakatifu anayeitwa Mkuu, nikamwomba Paroko apumzike kidogo. Gertrude huyo aliletwa monasteri mwaka 1261, ana miaka mitano. Wazazi wake hawajulikani hata majina. Wewe ulikuwa na saba, na aliyeng'ang'ania bweni ni baba yako. Begi nilifunga mimi, sikatai. Sasa una miaka 26 na unajipeleka mwenyewe, wala hukuuliza mtu. Basi niambie, mtu akiumwa huku, utakuja?

Nimempenda Mechthild wa Magdeburg, mwandishi wa mambo ya Mungu wa zama hizo. Alifika hapo uzeeni, macho yakafifia, masista wakawa wanamwandikia. Mimi ninaandikiwa na mdogo wako; miwani imevunjika mkono. Ukiona neno la utani, ni lake.

Paroko anasema mwaka 1525 wakulima walioasi waliwavamia, baadaye monasteri ikafungwa, majengo yakawa ya shamba. Masista wamerudi mwaka 1999 tu. Nimewaambia wanawake wa jumuiya kwamba mwanangu anakwenda huko, wamepiga vigelegele. Nami nilipiga. Ila vaa soksi nzito, na usifunge kula kupita kiasi, tumbo lako nalijua.

Mbolea imepanda bei. Mbuzi mweusi kazaa mapacha. Mahindi ya mwaka huu ni mengi, ghala limejaa, magunia sita tumeyaweka chumbani kwako. Kitanda hatujakitoa. Niambie tu kama utakuja, na lini, tuyahamishe.

Mama yako