DNA ni moja mwili mzima, mbona mnataka na kinyama?

Ndugu Mhariri,

Swali hilo huulizwa mara kwa mara watafiti wanapokutana na wananchi hapa Moshi kuomba sampuli za damu na kinyama (kipande kidogo cha nyama ya mwili), na mara nyingi hujibiwa kwa "ndio utaratibu". Hilo si jibu. Anayeuliza amesoma baiolojia yake vizuri: DNA ya ini na DNA ya msuli ni ileile. Basi chupa ya pili ya damu ni ya nini? Na kwa nini mtoto mwenye ugonjwa wa misuli aombwe kinyama cha paja wakati damu yake imeshachukuliwa?

Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 za kutengeneza protini, na karibu kila seli yenye kiini inazo zote. (Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, na baadhi ya seli za kinga huikatakata DNA yao wenyewe, hizo tuziache.) Lakini kuwa na jeni si kuitumia. Albumini hutoka kwenye ini, insulini hutoka kwenye seli beta za kongosho, na hakuna anayemsaidia mwenzake kazi. Jeni inayotumika hunakiliwa kuwa RNA. Isiyotumika hubaki imefungwa. DNA ni ghala. Ukitaka kujua kilichopikwa leo, na katika jiko lipi, utaangalia RNA.

Notisi nyingi za sekondari huishia hapo, na ndipo utamu unapoanza. Nakala ya kwanza ya RNA huwa ndefu kupita kiasi: vipande vya kubakizwa, yaani eksoni, vimetenganishwa na vipande vya kutupwa, yaani introni. Phillip Sharp na Richard Roberts waligundua jambo hili mwaka 1977 katika virusi viitwavyo adenovirusi, wakapewa Nobeli mwaka 1993. Introni karibu zote huanza na herufi GU na kuishia na AG (herufi ni alama za kemikali zinazounda RNA au DNA). Mtambo wa seli huzitambua ncha hizo, hukata, kisha huunga eksoni. Sasa, seli zote hazikati mahali pamoja. Zaidi ya 90% ya jeni zetu zenye eksoni nyingi hutoa RNA za aina zaidi ya moja.

Chukua jeni iitwayo CALCA. Katika tezi ya thairoidi, ile inayovimba mtu akipata goita, seli zinazoitwa C hubakiza eksoni ya 4 na kuishia hapo. Hutoka kalsitonini, homoni inayoshusha kalsiamu ya damu. Seli za neva huiruka eksoni ya 4 na kuunga ya 3 na ya 5. Hutoka CGRP, inayotanua mishipa ya damu na kuhusika na kipandauso. Usemi wa "jeni moja, protini moja" ungefaa ufutwe ubaoni.

Anayeamua mkato ni protini za kuongoza, na kila aina ya seli ina mchanganyiko wake. PTBP1 imo katika seli nyingi na huzizuia eksoni kadhaa za neva zisiingizwe. Seli ya neva inapokomaa, PTBP1 hupungua na eksoni hizo huanza kuingia. MBNL na RBFOX nazo zina kazi kubwa katika msuli na moyo. Ndiyo maana kosa la herufi moja laweza kuharibu mkato katika msuli huku damu isionyeshe kitu.

Turudi kwa yule mtoto. Jeni ya distrofini, protini inayolinda seli za msuli, ina eksoni 79 na urefu wa herufi zipatazo milioni 2.2, zaidi ya 99% ya urefu huo ni introni. Vipimo vingi vya DNA husoma eksoni na kingo zake tu. Kosa lililo katikati ya introni laweza kuzaa eksoni bandia, yaani kipande cha introni kinachobakizwa kimakosa, na hata likisomwa kwenye DNA huonekana kama mojawapo ya tofauti nyingi zisizo na madhara. Kwenye RNA ya msuli huonekana wazi. Damu haisaidii, kwa sababu RNA ya distrofini iliyomo ni kidogo mno. Mwaka 2017 watafiti walichapisha kazi ya wagonjwa 50 wa misuli ambao uchunguzi wa jeni haukuwapa jibu. Waliposoma RNA ya msuli, 35% walipata jibu.

Na chupa ya pili? Ile yenye kifuniko cha zambarau, ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), yatosha kwa DNA. Ikikaa siku chache kwenye friji hakuna neno. RNA haivumilii hivyo. Chupa yake ina dawa ya kupasua seli na kusimamisha kila kitu papo hapo. Huvuta mililita 2.5, na huchukuliwa ya mwisho ili dawa isirudi kwenye mshipa. Ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10, isimame angalau saa 2 kwenye joto la chumba, kisha nyuzi -20, baadaye -70. Ikijaa nusu, uwiano wa damu na dawa umeharibika. Kinyama nacho kikatwe chembamba kisichozidi nusu sentimita na kizamishwe katika dawa yake, ujazo mara 5 au zaidi. Kikitiwa formalini, dawa ya kawaida ya kuhifadhia vinyama, RNA hukatikakatika.

Kosa tunaloliogopa kuliko yote ni damu ya EDTA kusafirishwa kutoka Same au Rombo kwa saa kadhaa, ndipo RNA itolewe. Seli bado hai. Zinahisi joto, mtikisiko na ukosefu wa hewa, na zinabadilisha jeni zinazotumia. Kama wagonjwa wote wametoka Same na wasio wagonjwa wametoka Moshi mjini, kilichopimwa ni safari.

Maabara nako kuna mitego. Uzima wa RNA hupimwa kwa alama 1 hadi 10, na wengi hukataa chini ya 7. Wakiikubali iliyovunjika na kuivua kwa mkia wake, yaani kukamata tu vipande vyenye ncha ya mwisho ya RNA, hubaki vipande vya mwishoni tu. Eksoni za mwanzo huonekana kana kwamba zimerukwa, na mtu anaandika ugunduzi usiokuwepo. Mtego mwingine ni mchanganyiko wa seli: mwenye maambukizi huwa na nutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) nyingi, hivyo jeni za nutrofili "hupanda" ingawa hakuna seli iliyobadili chochote. Hesabu ya chembe za damu, FBP, ya siku hiyohiyo huokoa. Usomaji wa kutosha pia: kupima kiasi cha jeni, vipande vya RNA milioni 30 vilivyosomwa kwa sampuli hutosha, kuona mikato, milioni 50 hadi 100, kila kipande kikisomwa ncha zote mbili.

Tunachopendekeza ni kidogo. Fomu za ridhaa ziache kuandika "sampuli ya kibaolojia". Ziandike: damu mililita 2.5 katika chupa ya RNA, kwa sababu tunachunguza seli nyeupe. Au kinyama cha msuli, kwa sababu jeni hii haitumiki kwenye damu. Na kama jeni hiyo hutumika vizuri kwenye damu, kinyama kisiombwe kabisa.

Wataalamu wa maabara,
Moshi