Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mguu ukivimba bila sababu, tuulizwe kwanza

Mheshimiwa Waziri, salamu kutoka Arua, hapa kwetu Uganda.

Naandika kwa sababu ya mama yangu mkubwa. Mwaka jana mguu wake wa kushoto ulivimba ghafla, kuanzia paja mpaka kifundo, ukawa wa moto, hata shuka ikiugusa analia. Majirani wakasema amekanyaga dawa, kuna mtu kamtegea. Sisi tukampeleka hospitali (sitaitaja), wakampiga skani ya mguu wakakuta damu imeganda ndani ya mshipa, wakamchoma sindano, wakampa vidonge vya wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, tukarudi nyumbani tunamshukuru Mungu.

Hakuna aliyemuuliza kwa nini damu imeganda. Kwani mama ulivunjika? Ulifanyiwa opresheni? Ulilala kitandani wiki nzima, ama ulikaa kwenye basi siku nzima? Jibu la yote lilikuwa hapana, na hiyo hapana ndo ilitakiwa imshtue musawo (daktari), manake damu ikiganda bila sababu inayoonekana, wakati mwingine sababu imejificha ndani na ni kansa. Kansa inatoa vitu vinavyoifanya damu igande haraka, na uvimbe ukiwa kwenye nyonga unaweza kubana mshipa damu ikakwama hapo hapo.

Na mama mkubwa alikuwa na dalili jamani! Hedhi ilishakoma miaka mingi, ila matone ya damu yalikuwa yanatoka, akaona aibu akanyamaza, lakini najua angeulizwa na musawo wa kike mlango umefungwa angesema. Alivoanza wafarini damu ikazidi, tukarudi, tukaambiwa ni hiyo dawa, mpunguzieni kidonge. Sawa, wafarini inaleta damu kweli, lakini mtu aliyekoma hedhi akitoka damu huwezi kuishia kwenye kidonge, lazima umwangalie. Miezi ikapita. Tulipofika Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani pale Mulago, wakakuta ni kansa ya mlango wa kizazi na imeshasambaa. Tumemzika mwezi wa tatu.

Mheshimiwa, hili si jambo jipya. Daktari mmoja Mfaransa, Armand Trousseau, alishafundisha mwaka 1865 kwamba damu kuganda ovyo na kansa vinaandamana, na mwenyewe damu ilipomganda alijua kinachomsubiri, akafa na kansa ya tumbo mwaka 1867.

Sasa usidhani naomba kila mwenye mguu uliovimba apigwe siti skani, ile mashine kubwa ya picha za ndani ya mwili, hapana, naomba kinyume chake. Mzee mmoja jirani yetu naye damu ilimganda, huyo alikoenda wakamwambia lazima siti ya mwili mzima atafutwe kansa, akauza ng'ombe wawili, akapanda basi la usiku hadi Kampala, hawakuona kitu, na huku nyumbani watoto wamekosa karo. Kanada walilipima hili jambo na matokeo yakatoka mwaka 2015: watu 854 waliogandwa damu bila sababu, nusu wakapewa vipimo vya kawaida, nusu wakaongezewa siti ya tumbo na nyonga. Kwa mwaka mmoja waliokutwa na kansa wote kwa jumla ni kama 4 katika kila 100, na ile siti haikusaidia kugundua zaidi. Waingereza nao wanashauri hivo hivo, mgonjwa aulizwe vizuri, apimwe kwa mikono, damu ichukuliwe, siti ingoje mpaka kuwe na dalili.

Kwa hiyo ninachoomba ni karatasi moja tu, ukurasa mmoja, iingie kwenye faili la kila mgonjwa wa damu iliyoganda bila sababu, kuanzia Health Centre IV (kituo cha afya kilicho chini ya hospitali ya wilaya) mpaka hospitali za rufaa. Aulizwe kama amekonda bila kutaka, kama anakohoa damu, kama choo kimebadilika, kama anatoka damu pasipostahili, na wanaume waulizwe habari ya mkojo. Matiti yaguswe, tumbo liguswe, mlango wa kizazi uangaliwe, damu ipimwe pamoja na ini, eksirei ya kifua ipigwe. Na kwa hapa kwetu HIV na TB visisahaulike, navyo vinagandisha damu. Halafu arudi, huu mwaka wa kwanza asiachwe, kila akija kuchukua dawa aulizwe upya maana dalili ambayo leo haipo inaweza kuja baada ya miezi minne. Ikigundulika kansa hata dawa ya kuzuia damu inaweza kubadilishwa, kwa mwenye kansa wafarini mara nyingi haifanyi kazi vizuri kama sindano za heparini.

Najua hela ni kidogo na wasawo wamechoka, foleni tunaziona. Lakini kwa mama mkubwa kilichokosekana ni dakika kumi na kitanda chenye pazia.

Jambo la mwisho ni lugha. Katiba yetu tangu 2005 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, basi hayo maswali yasibaki kwa Kiingereza peke yake, mama wa kijijini hawezi kusema aibu yake kwa lugha ya kukopa. Mimi nipo Arua. Mkiiandika hiyo karatasi nitakaa na wasawo wenu niitafsiri kwa Kiswahili na Kilugbara, bure, hata kesho.