Harambee ya "Cendrillon": tusaidieni tupande jukwaani mwezi wa Juni

Ndugu, jamaa na marafiki, popote mlipo,

Pokeeni salamu kutoka kwa kikundi cha wazazi tuzungumzao Kiswahili hapa Paris: watu wa Mombasa, Tanga, Bukavu, Bujumbura na kwingineko. Tunakuja kwenu na bakuli mkononi. Tunahitaji Euro 2,850 ili watoto na vijana wetu waonyeshe, kwa jioni mbili za mwezi wa Juni, mchezo wa kuchekesha wenye nyimbo uitwao Cendrillon, hadithi ya yule binti wa jikoni aliyeponyokwa na kiatu akikimbia kutoka kwenye dansi. Sisi wenyewe tumeshachangishana 1,070. Zimebaki 1,780.

Cendrillon ziko nyingi, kwa hiyo tueleze ni ipi. Ile ya mtunzi Mfaransa Massenet, iliyofunguliwa hapa hapa Paris mwaka 1899, inataka okestra nzima na jukwaa la kitajiri. Hiyo hatuigusi. Yetu ni ya Pauline Viardot, iliyoimbwa kwa mara ya kwanza sebuleni, tarehe 23 Aprili 1904. Waimbaji saba na kinanda kimoja, basi. Haizidi sana saa moja, na kati ya nyimbo kuna mazungumzo ya kawaida. Maneno na muziki, vyote alivitunga mwenyewe, na siku hiyo ya kwanza alikuwa na umri wa miaka 82.

Mama huyu alizaliwa Paris mwaka 1821, lakini baba yake, mwimbaji Manuel García, alitoka Seville. Pauline alikuwa na miaka minne tu familia ilipovuka bahari kwenda New York, ambako baba yake aliwaimbia Wamarekani opera ya Kiitaliano mwaka 1825. Kwa hiyo maisha ya kufungasha mizigo aliyajua mapema. Baadaye alisomea kinanda kwa Liszt, mpiga kinanda maarufu, akawa mwimbaji mashuhuri Ulaya nzima. Kaburi lake liko Montmartre, unaweza kulifikia kwa miguu kutoka Château Rouge, huko tunakonunua sombe na ndizi. Wengi wetu tumepita karibu nalo miaka nenda miaka rudi bila habari.

Mzee mmoja kikundini aliuliza kwa nini tusicheze kitu cha kwetu. Swali la haki, na lilitugawa kwa jioni nzima. Lililotumaliza ubishi ni Baron de Pictordu. Katika mchezo huu hakuna mama wa kambo. Yupo baba wa kambo, bwana mkubwa mwenye jina refu na binti wawili wenye maringo, Armelinde na Maguelonne. Kumbe zamani alikuwa muuza mboga, na amewahi kulala ndani! Sasa anaishi kwa hofu kwamba historia yake itabisha hodi. Kuna wimbo anaoimba peke yake akikumbuka enzi zile na mpenzi wake wa zamani, Gothon. Tulipousoma mara ya kwanza, yule mzee ndiye aliyecheka kuliko wote, akasema Baron huyo anamjua, tena anajua na mtaa anaokaa. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayemfundisha kijana wetu jinsi ya kutembea kwa madaha.

Mwana wa mfalme naye hatulii. Anakuja mlangoni akiwa na nguo za ombaomba, kisha kwenye dansi anabadilishana nafasi na mtumishi wake, Barigoule, ili aone watu walivyo. Mtunzi Mwitaliano Rossini alitumia ujanja huo huo katika opera yake ya hadithi hii mwaka 1817, lakini hapa unapita haraka na bila makuu, na watoto wanauelewa papo hapo.

Nyimbo tutaziacha katika Kifaransa. Mazungumzo tumeyaweka katika Kiswahili, na hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu watoto wetu Kifaransa wanakiongea hata usingizini, ilhali Kiswahili wengine wanakisikia kwenye simu ya bibi tu. Binti anayecheza Cendrillon sasa anawarekebisha wadogo zake ngeli. Wale wadogo kabisa watakuwa panya, na wageni wa dansi.

Fedha zinakwenda hivi. Ukumbi ndio mkubwa: 1,200 kwa jioni mbili na siku moja ya mazoezi. Mpiga kinanda, ambaye amekubali malipo ya kirafiki, 700. Mavazi 480, pamoja na boga la kadibodi ambalo lazima ligeuke gari mbele ya macho ya watu. Zinazobaki ni za fundi wa kurekebisha sauti za kinanda, bima ambayo ukumbi hauwezi kutupa ufunguo bila kuiona, na chai na mandazi ya mapumziko. Nota hatulipii, kwani mtunzi alifariki mwaka 1910 na haki zake zilishakwisha muda. Hakuna mzazi anayelipwa.

Malipo ya awali ya ukumbi yanatakiwa kabla ya mwisho wa Aprili. Tukichelewa, siku zetu watapewa wengine. Ukiwa na Euro tano, lete tano. Walio Paris wamkabidhi mhazini baada ya ibada au sala ya Ijumaa, naye atatoa risiti. Walio mbali wapitishie kwa jamaa yao aliye kikundini. Kila Jumapili tutasoma hesabu mbele ya wanachama wote.

Na kama kuna mwenye koti refu la zamani, kofia ya kifalme au viatu vya kike namba 37 vinavyong'aa, aongee na kina mama wa mavazi. Kiatu kimoja kinatosha, lakini tungependa jozi.