Programu ya simu na presha: namba ikiwa mbovu, tiba nayo hupotea

Wateja wanaonunua mashine ya presha dukani kwetu hapa Amu (Lamu) siku hizi huuliza kama ile programu ya simu inayokuja nayo inatibu. Nyingi hazitibu, huhifadhi namba na kuchora grafu tu. Lakini zipo programu za aina nyingine, tiba za kidijitali, ambazo zenyewe ndizo matibabu. Hujaribiwa kwa wagonjwa kama dawa inavyojaribiwa. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha reSET, programu ya wiki 12 ambayo daktari humwandikia mtu anayepambana na uraibu wa dawa za kulevya, sambamba na ushauri nasaha. Ujerumani nayo, tangu 2020, bima ya afya hulipia programu zilizoidhinishwa.

Kenya ilishaonja jambo hili mapema, tena kwa simu za kabambe, zile ndogo za vitufe. Kati ya 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 538 walioanza dawa za kudhibiti virusi vya Ukimwi. Kundi moja lilitumiwa ujumbe mfupi kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "sawa" au "shida". Aliyejibu shida, au aliyenyamaza siku mbili, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2010: virusi vilidhibitiwa kwa 57% ya waliotumiwa ujumbe, na kwa 48% ya wasiotumiwa. Kwa maoni yetu, siri ilikuwa yule mtu aliyepiga simu baada ya neno "shida" kuingia. Programu isiyo na mtu nyuma yake hatuipendekezi kwa mgonjwa wa presha, hata iwe nzuri namna gani.

Hapa visiwani faida ya kupimia nyumbani ni kubwa. Anayetoka Faza au Kizingitini hulipa nauli ya boti, hupoteza siku nzima, kisha hupimwa mara moja tu, moyo bado ukimwenda mbio kwa kupanda ngazi za gati. Dawa inaongezwa kwa namba hiyo moja. Vipimo vya wiki nzima kutoka nyumbani humwonyesha daktari picha iliyo karibu zaidi na ukweli, mradi vimepimwa sawasawa. Hapo ndipo pana kazi.

Anza na mkanda wa mkono. Chukua tepu ya fundi cherehani, zungusha katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi ya kawaida ni ya sentimita 22 hadi 32. Ukizidi hapo omba mkubwa, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba na mtu huishia kumeza dawa asiyoihitaji. Ufungwe juu ya ngozi, si juu ya buibui wala mkono wa kanzu uliokunjwa ukabana, na ukingo wake wa chini uwe sentimita 2 au 3 juu ya kiwiko. Kina mama wengi huona tabu kufunua mkono kliniki. Nyumbani tabu hiyo haipo.

Kisha kaa kitini, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkekani umekunja miguu hapafai, namba hupanda. Nenda haja kwanza. Kahawa ya barazani na sigara ziwe zimepita nusu saa. Tulia dakika tano bila kuzungumza, pima, ngoja dakika moja, pima tena. Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku saba. Vipimo vya siku ya kwanza viache. Vilivyobaki 24 ndivyo vinavyojumlishwa na kutafutiwa wastani. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi ndio presha ya juu. Kliniki hesabu huanzia 140/90. Na usibadilishe dozi kwa namba ya siku moja. Dawa ya presha iitwayo amlodipine, kwa mfano, huchukua kama wiki nzima kutulia mwilini.

Sasa simu. Tatizo tunalolirekebisha mara nyingi ni saa. Mtu ataka kukumbushwa kidonge saa mbili asubuhi, anaandika 02:00, na simu inamwamsha saa nane usiku. Andika 08:00. Ramadhani inapokaribia, ongea na daktari kuhusu saa za dawa kabla mwezi haujaandama, kisha sogeza vikumbusho vifuate futari au daku.

La pili ni mashine moja kutumiwa na nyumba nzima. Mashine nyingi zina kitufe cha mtumiaji wa kwanza na wa pili. Babu akipima kwenye nafasi ya bibi, wastani wa wote wawili umeharibika. Betri zikitolewa, tarehe hurudi nyuma na vipimo huingia simuni vikiwa vya mwaka mwingine, basi irekebishe kwanza. Bluetooth ikigoma kwenye Android ya zamani, iruhusu programu ijue mahali ulipo. Vikumbusho vikinyamaza, iondoe programu kwenye orodha ya kuokoa betri.

Daftari pia liwepo. Kampuni iliyotengeneza reSET, Pear Therapeutics, iliomba ulinzi wa kufilisika Aprili 2023, ingawa bidhaa yake ilikuwa na idhini. Programu ikifungwa, kumbukumbu zako zisifungwe nayo.

Sisi huduma yetu ni hii: tunapima mkono, tunaunganisha mashine na simu mbele yako, tunakuangalia ukipima mara mbili, na baada ya siku saba tunakagua namba na kukuandikia wastani upeleke kwa daktari wako. Dozi hatubadilishi, hiyo ni kazi yake. Vipimo vya afya ni siri yako chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo hatumtumii mtu yeyote, hata mwanao, bila idhini yako.

Usitungoje sisi wala programu iwapo namba imefika 180/120 na una maumivu ya kifua, pumzi inakata, uso umepinda, mkono umelegea au ulimi mzito. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Bila dalili hizo, tulia dakika tano upime tena. Ikibaki hapo, muone daktari siku hiyo hiyo.

Ukija dukani leta simu yenye chaji na vidonge vyako vyote kwenye pakiti zake, pamoja na vile ulivyoacha kumeza kwa sababu miguu ilivimba. Hivyo hasa ndivyo daktari anavyohitaji kuvijua.